Siku ya Kwanza Baada ya Kustaafu

Karatasi mliyo nayo mkononi ina maneno haya haya ninayoyasema, kwa hiyo mfuate kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: KUSTAAFU, KIINUA MGONGO, PENSHENI. Andika kwa herufi kubwa, maana wapo wanafunzi ambao macho yao yamezeeka kama yangu. Haya, someni pamoja na mwalimu, silabi kwa silabi, nami nitangoja kidogo.

Vema. Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Neno kustaafu lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa, yaani kuomba kuondolewa wajibu. Lina udugu na neno afu, ambalo ni msamaha, na tena na neno afya. Kiinua mgongo mnakijua: ni fedha anazopewa mtu kwa pamoja anapoacha kazi, kana kwamba mgongo wake uliinama miaka yote ile na sasa apate kuunyosha. Pensheni ni fedha zinazokuja kidogo kidogo, kila mwezi, muda wote anapokuwa hai.

Mambo haya si ya kale sana. Sheria ya Ujerumani ya kuwalipa wafanyakazi pensheni ya uzee ilitungwa mwaka 1889, na mtu alitakiwa kwanza afikishe miaka 70. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Wazee wetu wa mlimani siku hizo hawakupewa barua ya kustaafu na mtu yeyote. Mzee aliwaachia vijana kazi nzito, akabaki na kazi ya kuamua ugomvi wa maji ya mfongo, na kuonyesha mpaka wa kihamba palipopandwa masale, na kusema kama mbege imeiva au bado. Halafu ikaja kazi ya mshahara. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933. Kadhalika zikaja ofisi, shule, hospitali na viwanda, na watu wetu wengi wakaanza kuishi kwa kengele ya mwajiri. Leo, kwa watumishi wengi wa Tanzania Bara, mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima.

Basi, siku kengele ile inaponyamaza, mtu hufanya nini? Hilo ndilo somo letu la leo. Nitawaeleza kwa habari ya mtu ninayemjua sana, yaani mimi mwenyewe.

Nilikuwa karani. Nilifanya kazi miaka 34, kwanza Tanga, halafu Dar es Salaam. Mke wangu alibaki Uru, juu ya mji wa Moshi, katika kihamba nilichopewa na baba mwaka ule ule nilioanza kazi. Mimi nilikuja kila Desemba, kama wanavyokuja Wachaga wengi, basi limejaa watu na mizigo, na nyumbani mbuzi ananingoja. Nilikaa siku kumi, nikasifiwa, nikarudi. Hesabuni ubaoni: siku 10 mara 34 ni siku ngapi? Ni siku 340. Hazitimii hata mwaka mmoja. Nilistaafu nikarudi nyumbani ambako, tukihesabu kwa haki, nilikuwa nimekaa chini ya mwaka mmoja. Lakini mimi nilirudi nikijiona mwenye nyumba.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja, kama nilivyozoea. Nikaoga, nikavaa shati, nikapiga viatu rangi. Halafu nikakaa barazani. Saa mbili ikafika. Saa nne ikafika. Mke wangu alipita mbele yangu mara saba: na ndoo, na majani ya ng'ombe, na mkungu wa ndizi, na jembe, na vitu vingine. Mara ya saba aliniuliza, "Baba, unamsubiri mgeni?" Sikuwa na jibu.

Juma la pili nikaanza kufanya kazi niliyoijua. Nikachukua daftari. Nikaandika maziwa ya asubuhi na maziwa ya jioni. Nikauliza fedha za maziwa ya mwezi uliopita ziko wapi. Nikasema migomba ya upande wa chini imesongamana, ipunguzwe. Nikaagiza mti mmoja wa mruka ukatwe, maana unatia kivuli kikubwa mno. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Baba, ofisi hii ina mkubwa wake. Huo mruka ndio unaoikinga kahawa na jua. Na fedha za maziwa ndizo zilizomlipia ada mtoto wetu wa mwisho, mwaka ule ulioandika kwamba mshahara umechelewa."

Niliona haya. Na mwanamume akiona haya nyumbani kwake, huko kwetu, hutafuta njia ya kilabuni.

Mbege ni kinywaji cha heshima, cha ndizi na ulezi, na mimi sisemi vibaya juu yake. Watu hupatana kwa mbege, na harusi haiendi bila mbege. Lakini mtu anayeketi kilabuni saa nne asubuhi, siku za kazi, hapatani na mtu yeyote. Tena pale kilabuni wapo waliojua kwamba nina kiinua mgongo. Mmoja alikuwa mpwa wangu. Alinieleza habari ya basi dogo la kwenda Himo na Marangu, kwamba litaleta fedha kila jioni, na mimi kazi yangu itakuwa kuzihesabu tu. Neno kuhesabu lilinivutia. Nikanunua basi lililokwisha kutumika, sikumuuliza fundi, na mke wangu sikumuuliza. Mwezi wa tano injini ikafa. Sipendi kulisema sana. Liko nyuma ya nyumba, na kuku wanataga ndani yake.

Hapa nisimame kidogo, maana darasani wapo wanaokaribia miaka 60. Katika mifuko yetu ya pensheni mtu hapewi fedha zote kwa mara moja. Tangu Julai 2022 sehemu inayotolewa kwa mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33 ya mafao, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuiongeza, wengine wapate asilimia 35 na wengine 40. Sehemu iliyobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Watu wengi walinung'unika juu ya hesabu hiyo, na wanayo haki ya kuuliza, maana ni jasho lao. Lakini mimi, nikitazama basi langu lile la kuku, nashukuru kwamba zile zilizobaki sikuweza kuzigusa. Tena jambo jingine: hakikisheni jina lenu limeandikwa kwa namna moja katika karatasi zote. Akiwa Yohana katika karatasi moja na Yohani katika nyingine, mtu anaweza kwenda na kurudi mjini mara nyingi sana. Ninyi mnaojifunza kusoma sasa mtaweza kuliona kosa hilo wenyewe kabla ya karani kuliona.

Tuendelee. Hasara ya fedha iliniuma, lakini nilikuwa na ugonjwa mbaya zaidi ya huo: nilikuwa sijui leo ni siku gani. Jumatatu ilikuwa sawa na Alhamisi. Nililala mchana nikakosa usingizi usiku. Nilianza kuugua mara hapa, mara pale, na daktari hakuona kitu.

Katika mwezi wa nane mke wangu alipata msiba kwao Rombo, akaenda juma zima. Akaniachia ng'ombe. Mnajua kwamba huku juu ng'ombe hafunguliwi kwenda malishoni, kwa sababu hakuna malisho. Anakaa zizini, na chakula chake aletewe: nyasi, majani ya migomba, mabua yanayopandishwa kutoka mashamba ya tambarare. Asubuhi ile alianza kulia saa kumi na mbili. Nikamwambia anyamaze. Akazidi. Ng'ombe hakujua kwamba mimi ni karani mkuu mstaafu.

Nikachukua mundu, nikashuka kando ya mfongo, nikakata nyasi. Nikajikata kidole pia. Mtoto wa jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha namna ya kushika. Kukamua alikuja mama yake. Siku ya pili nikaenda tena, na siku ya tatu. Siku ya nne nilitambua kwamba nimelala usiku kucha. Siku ya saba niliamka kabla ng'ombe hajalia, nikajua kwamba ni Jumapili.

Mke wangu aliporudi nikamwambia, "Mama, naomba kazi." Alicheka kwanza. Kisha akaona sifanyi mzaha. "Kazi gani?" "Majani ya ng'ombe." Akafikiri kidogo, akasema, "Yawe yamefika zizini kabla ya saa mbili. Ukichelewa siku mbili nakufukuza."

Hiyo ndiyo barua yangu ya pili ya ajira.

Sasa ninyi mtasema, mzee huyu anatufundisha kukata nyasi. Wengi wenu mlikata nyasi tangu utoto, na hamhitaji redio kuwafundisha. Ni kweli. Lakini tazameni jinsi kazi ile ilivyonishika, wakati mambo makubwa niliyoyapanga yalinishinda. Basi lilikuwa jambo kubwa, likafa. Daftari la maziwa lilikuwa la amri, likaleta ugomvi. Majani yalikuwa jambo dogo. Yalikuwa na saa yake, mara tu baada ya chai ya asubuhi, hata sikuhitaji kukumbuka: nikiweka kikombe chini, mkono unakwenda kwenye mundu. Na zizini yupo anayengoja. Mtu akikosa wa kumngoja, hata kuamka ni shida.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili la mazoea. Katika mji wa London mwanamke mmoja mtaalamu, Phillippa Lally, pamoja na wenzake, waliwachukua watu 96, na kila mmoja akachagua tendo moja dogo la kufanya kila siku wakati ule ule, kwa mfano kunywa maji pamoja na chakula cha mchana. Habari zao zilichapwa mwaka 2010. Walihesabu kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo lifanyike lenyewe, bila mtu kujilazimisha. Lakini watu walitofautiana sana: wepesi walihitaji siku 18, na wazito walikadiriwa kuhitaji siku 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Jambo hili nalipenda, kwa sababu mtu akikosa siku moja hupenda kusema, "Basi, nimeshindwa," akaacha kabisa. Mimi nilipata malaria mwezi wa kumi, nikalala siku nne. Siku ya tano nilishuka mfongoni, na mundu ulikuwa mahali pake.

Andikeni ubaoni: siku 66. Ni miezi mingapi? Ni zaidi kidogo ya miezi miwili. Kwa hiyo msimhukumu mstaafu katika mwezi wake wa kwanza, na yeye asijihukumu.

Masika yaliyofuata mke wangu alinipa kazi ya pili. Kahawa yetu ilikuwa ya zamani sana, mashina yamechoka, na kila mwaka kutu ya majani na chulebuni zilikula sehemu yake. Akaniambia niende Lyamungu, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa ambacho kilianza miaka ya 1930, niulize habari ya miche inayoyastahimili magonjwa hayo. Nilikwenda. Nikachimba mashimo ya futi mbili kila upande, nikachanganya udongo wa juu na samadi ya ng'ombe wangu, nikapanda miche 40. Jirani aliyepita njiani aliniuliza kwa nini najisumbua, maana kahawa huchukua kama miaka mitatu mpaka izae vema, na mimi ni mzee. Nilimjibu kwamba miaka mitatu itapita hata nisipopanda.

Na ukarani wangu? Haukupotea. Jioni moja mke wangu alileta daftari la chama chao cha kuweka na kukopa. Hesabu zilikuwa zimegongana, na wanawake wawili hawasemezani kwa ajili ya shilingi elfu sita. Akauliza kama naweza kutazama. Nikatazama, nikaona tarakimu moja imeandikwa mahali pa nyingine. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi wananiita. Ni kazi ile ile niliyotaka kuifanya juma la pili, lakini safari hii niliitwa.

Sasa niseme na wale ambao hamkupata kuajiriwa hata siku moja, nanyi ndio wengi. Bibi aliyebeba ndizi kichwani miaka arobaini kuzipeleka soko la Kiboriloni hana barua, hana kiinua mgongo. Magoti yake ndiyo yanayomstaafisha. Zanzibar tangu mwaka 2016 Serikali huwapa wazee wote waliofikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi, walioajiriwa na wasioajiriwa. Mwanzoni ilikuwa shilingi 20,000, na baadaye ikaongezwa. Huku Bara jambo hilo limesemwa mara nyingi, lakini mzee wa kijijini bado anategemea watoto na kihamba chake. Bibi huyo asiambiwe, "Pumzika sasa, kaa kitako." Kumwambia hivyo ni kumwondoa sokoni na kumwondolea watu wote aliozungumza nao kila siku. Aulizwe ni kazi gani ndogo anayoitaka. Labda ataka kukaa na mizani wakati binti yake anabeba. Labda ataka kulea miche ya migomba na kuiuza. Labda ataka kusoma.

Juu ya kusoma, yuko mzee mmoja wa Kenya ambaye ninyi mnapaswa kumjua. Jina lake Kimani Ng'ang'a Maruge. Serikali ya Kenya ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003, yeye alisikia kwamba elimu ni bure kwa wote, naye akalichukua neno hilo kama lilivyosemwa. Tarehe 12 Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Eldoret. Alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, na fimbo yake mkononi. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, na kuhesabu fedha zake asidanganywe. Mwaka 2005 alipanda ndege kwenda New York akazungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Halafu zikaja fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Alipoteza mali yake, akahamia kambi ya hema, na bado akaendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009. Nadhani sababu moja ya kuendelea kwake ilikuwa ile kengele: shule ina saa yake, na darasani kulikuwa na watoto waliozoea kumwona.

Nanyi pia mna kengele yenu, ni saa hii ya darasa. Kwetu Kilimanjaro si jambo geni. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizotakiwa kuondoa ujinga wa kutosoma kabla ya zote. Mama yangu alijifunza wakati huo, chini ya mti, akiwa na wajukuu. Jambo la kwanza aliloniandikia lilikuwa mistari miwili ya kuniuliza kwa nini nakuja Desemba tu. Sikumjibu vizuri.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni karatasi mpige mstari katikati. Upande wa kushoto andikeni mambo matatu mnayoyafanya kila siku bila kukosa, kwa mfano kunywa chai, kufungulia kuku, kusali. Upande wa kulia, mbele ya moja tu kati ya hayo, andikeni tendo moja dogo jipya mtakalolifanya mara baada yake. Chini yake mwandike ni nani atakayelingoja: mke, mume, mjukuu, jirani, hata mnyama. Ikiwa tendo hilo linaingia katika kazi ya mtu mwingine wa nyumbani, mwulizeni kwanza, na jibu lake mliandike kama alivyolisema, hata kama ni la kuwafukuza.

Juma lijalo tutasoma karatasi ya malipo ya pensheni, mstari kwa mstari, na kujifunza maneno yanayotumika humo. Mwenye karatasi ya zamani aje nayo. Na wenye miwani, msiisahau nyumbani.